Runinga katika nyumba ya Mkristo: tuiondoe, tuihamishe, au tuiache ilipo?

MLETA MADA

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naleta jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, na ningeomba tulijadili kwa utulivu, kwa sababu kila lilipozungumzwa nikiwapo, upande mmoja uliishia kuitwa watu wa dunia na upande mwingine ukaitwa washika sheria. Swali lenyewe ni hili: je, inafaa familia ya Kikristo kuwa na runinga nyumbani?

Nianze na kilichonifanya niulize. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukisali pamoja usiku baada ya kula, na kwa kuwa saa hiyo taarifa ya habari huwa haijaisha, tulikuwa hatuizimi runinga bali tunaondoa sauti tu. Usiku mmoja, katikati ya sala niliyokuwa nikiiongoza mwenyewe, nilifumbua macho ili nitafute mstari katika Biblia. Watoto wote watatu walikuwa wamepiga magoti na kufumbata mikono kama walivyofundishwa, lakini nyuso zao zilikuwa zimeelekea upande mmoja, na mwanga wa skrini ulikuwa ukicheza juu ya mashavu yao. Yule mdogo alikuwa akichezesha midomo. Nilidhani anafuatisha sala, kumbe alikuwa akitamka, neno kwa neno, tangazo la sabuni ambalo hata sauti halikuwa nayo. Nikasema "Amina" mapema kuliko nilivyokusudia, nao wakaitikia "Amina" bila kugeuka. Sikuwa na uso wa kuwakemea, kwa sababu mimi ndiye niliyeondoa sauti badala ya kuzima, na nilifanya hivyo ili matokeo ya mpira yasinipite.

Tangu siku hiyo nimeisoma upya Zaburi ya 101, ambayo wanaopinga runinga huinukuu sana: "Sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu." Wanaopinga huusoma mstari huu kana kwamba unakataza chombo, wanaotetea hujibu kwamba siku za Daudi hakukuwa na umeme, wakaishia hapo. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "neno" humaanisha pia jambo au kitu chochote, kwa hiyo mstari una upana wa kutosha kugusa hata picha. Lakini kilichonichoma zaidi ni maneno yanayoutangulia: "Nitakwenda kwa unyofu wa moyo ndani ya nyumba yangu." Mfalme haanzi na baraza wala na uwanja wa vita, anaanza mahali ambapo hakuna wa kumwangalia wala wa kumsahihisha. Tena anasema "sitaweka", yaani anajihesabu kuwa yeye ndiye mwenye mkono unaoweka na unaoondoa. Kwetu runinga iliwashwa asubuhi na kuzimwa usiku, na katikati hapo hakuna mtu aliyekuwa akiweka kitu. Vitu vilikuwa vikijiweka vyenyewe.

Kisha nikasoma Kumbukumbu la Torati 6:7, kuhusu maneno ya Mungu kwa watoto: "na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Hebu tuzitazame nyakati hizo. Kuketi nyumbani na kwenda kulala ndizo saa zile zile ambazo runinga imezichukua bila hata kuziomba. Hata kama kinachoonyeshwa ni safi kabisa, kama vile wanyama wa porini au mapishi, kile kiti cha msemaji wa nyumba kimekwisha kukaliwa. Mwaka 2009 zilichapishwa tafiti zilizoonyesha kwamba runinga iliyowashwa, hata kama hakuna anayeifuatilia, huwafanya wazazi waongee kidogo zaidi na watoto wao wadogo. Mimi sikuhitaji utafiti kuliamini hilo, lakini lilinifariji kidogo kujua kwamba ugonjwa si wa nyumba yangu peke yake.

Pia tusijidanganye kwamba chombo hiki kililetwa sebuleni kwa ajili ya kutuelimisha. Tangazo la kwanza la biashara lililolipiwa kihalali katika televisheni ya Marekani lilirushwa tarehe 1 Julai 1941, kabla ya mchezo wa besiboli, likitangaza saa za Bulova kwa sekunde 10 hivi. Tangu hapo bidhaa inayouzwa katika vituo vingi vya biashara ni macho yetu sisi tunaotazama, na kipindi ni chambo. Mtoto wangu na lile tangazo lake la sabuni alikuwa anafanya kile hasa kilichokusudiwa afanye.

Hata mmoja wa waliokibuni alikuwa na mashaka nacho. Philo Farnsworth, kijana wa miaka 21 aliyefanikiwa mwaka 1927 kurusha picha kwa njia ya kielektroniki, kama alivyosimulia baadaye mwanawe, hakutaka runinga itazamwe nyumbani kwao, kwa kuwa hakuona humo kitu chenye thamani. Hata hivyo, inasimuliwa pia kwamba mwaka 1969, alipowaona wanadamu wakitembea mwezini kupitia chombo hicho hicho, alimwambia mkewe kwamba taabu yote ilikuwa imelipa. Mtu mmoja, hukumu mbili, na mimi naziamini zote mbili.

Msimamo wangu kwa sasa ni kwamba runinga si dhambi, lakini sebule si mahali pake, na kuiacha iwashwe tu bila mtu kuamua anachotazama ni uzembe wa mzazi. Kwetu tuliiondoa kabisa kwa miezi mitatu, kisha tukairudisha katika chumba kidogo cha pembeni. Nawakaribisha mnirekebishe.

MZEE WA KANISA

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kusema ukweli juu ya matokeo ya mpira, maana wengi wetu tungesema tulikuwa tunasubiri taarifa ya hali ya hewa. Lakini umeishia nusu ya njia. Ulipoiondoa kwa miezi mitatu ulikuwa umeshinda. Kwa nini uliirudisha?

Mimi nilijaribu kiasi kwa miaka mingi. Tuliweka saa maalumu, tukafunga baadhi ya chaneli kwa namba ya siri, tukakubaliana kwamba tamthilia fulani hazitatazamwa. Namba ya siri ilijulikana kwa watoto ndani ya wiki moja. Saa maalumu zilianza kurefushwa siku za sikukuu, na sikukuu zikaanza kuwa nyingi. Mtume Paulo anasema katika 1 Wakorintho 6:12, "vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu cho chote." Nusu ya kwanza ya mstari huo tunaipenda sana. Nilijipima kwa nusu ya pili nikaona kwamba nilikuwa mtumwa, kwa maana mtu aliye huru hatungi sheria 10 za kumwezesha kukaa na kitu ambacho angeweza kuishi bila hicho.

Wapo Wakristo waliochukua msimamo huu tangu mwanzo. Waamishi wanaoshika mapokeo ya zamani, Wakristo wa Marekani wanaojiepusha na vyombo vingi vya kisasa, hawaiweki kabisa, na William Branham, mhubiri wa Marekani aliyefariki mwaka 1965, aliihubiri vikali, hata wengi wa wafuasi wake hawana runinga nyumbani mpaka leo. Sikubaliani na mafundisho yake mengi, lakini katika hili sioni kwamba walipoteza kitu chochote cha maana. Nyumbani kwangu ukutani pamebaki matundu manne ya skrubu, na wageni wakiuliza tunawaambia.

BINTI WA MCHUNGAJI

Mzee wangu, shikamoo, na naomba unisikilize kama ambavyo ungemsikiliza binti yako.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya matundu ya skrubu. Baba alikuwa mchungaji, na runinga kwetu ilitajwa pamoja na pombe na uganga. Nilichojifunza ni kujua jirani gani huacha pazia wazi. Nilikuwa natumwa kununua chumvi, nasimama nje ya dirisha lile mpaka miguu inakufa ganzi, natazama picha bila kusikia maneno, kisha narudi nyumbani na uongo uliokwisha pangwa vizuri kuhusu foleni dukani. Ninaweza kusema kwa uaminifu kwamba sikumbuki hata kipindi kimoja nilichokiona, lakini ule ustadi wa kudanganya nilikaa nao mpaka nilipookoka nikiwa mtu mzima.

Paulo huyo huyo anawauliza Wakolosai kwa nini wanajitia chini ya amri za "Msishike, msionje, msiguse", na anasema kwamba mambo hayo yanaonekana kuwa na hekima, "lakini hayafai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili." Baba yangu alikitoa chombo, akadhani ameitoa tamaa. Hakuwahi hata siku moja kuketi nami akaniuliza ni nini ninachotamani kukiona na kwa nini. Kama angetazama nami nusu saa kwa wiki, akasema "hapa huyu mwanamke amedanganywa" au "hapa wanacheka jambo lisilochekesha", ningetoka nyumbani kwake nikiwa na macho yangu mwenyewe.

Simlaumu, alikuwa mtu wa maombi na alitupenda. Ninasema tu kwamba nyumba isiyo na runinga inaweza pia kuwa nyumba isiyo na mazungumzo.

KIJANA WA KWAYA

Wapendwa, kwa heshima yote, mnampiga nyoka aliyekwisha kufa. Vijana wa leo wala hawakai sebuleni. Kila mmoja ana skrini yake mfukoni, ana visikizi masikioni, na anachokitazama akijifunika shuka hakuna mzee wa kanisa atakayekijua. Mtaijadili runinga mpaka lini?

MLETA MADA

Kijana wangu, una haki, na nilitarajia hoja hiyo. Lakini naomba uone inakoelekea. Runinga ilikuwa na ubaya wa kutukusanya wote mbele ya kitu kimoja. Simu imetuondolea hata huko kukusanyika. Runinga ikionyesha uchafu, baba anaona, mama anaona, mtoto anaona kwamba wameona, na nyumba nzima inashikwa na aibu. Aibu ile ilikuwa ulinzi. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua kati ya skrini moja kubwa mbele ya watu wote na skrini tano ndogo chini ya mashuka matano, nitachagua ile kubwa bila kusita, na ndiyo sababu sikuitupa. Nadhani hapo nimemjibu pia Mzee wa Kanisa.

Kinachobaki ni kwamba mazoea ya simu yalizaliwa mbele ya runinga. Mtoto aliyezoea tangu akiwa na mwaka mmoja kwamba ukimya ni kitu cha kujazwa na picha hataacha kuujaza atakapopewa simu.

MUUGUZI

Nitasema machache juu ya umri, kwa sababu naona tunawazungumzia watoto kana kwamba wote ni sawa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka 5: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, tena ikiwa pungufu ni bora zaidi. Mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya wacha Mungu. Sababu zake ni usingizi, uzito wa mwili, mwendo na ukuaji wa akili. Mama anayemkalisha mtoto wa miezi minane mbele ya katuni ili apate nafasi ya kufua simhukumu, nimewahi kuwa yeye, lakini asiambiwe kwamba katuni ni salama kwa sababu tu wahusika wake ni Nuhu na wanyama wake.

MTUNZA MAMA

Shalom. Nimesita kuandika kwa sababu ninyi mnazungumza juu ya watoto, nami nyumbani kwangu hakuna mtoto. Ninaye mama, mwaka wa nne sasa yuko kitandani. Hawezi kukaa, na kusoma hawezi tena kwa sababu ya macho, lakini picha kubwa anaiona akisogezewa karibu. Jumapili asubuhi ninamfunga kitambaa chake cha kichwa, ninamwinua kwa mito miwili, ninamwashia ibada. Zaburi ikiimbwa anaitikia. Wakati wa baraka ananyoosha mkono kuelekea skrini, na sijawahi kumwambia kwamba mchungaji yule hamwoni.

Wakatoliki wana jambo zuri hapa. Klara wa Asizi, mtawa aliyefariki mwaka 1253, inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Krismasi alikuwa mgonjwa asiyeweza kwenda kanisani, akaiona na kuisikia ibada akiwa kitandani mwake. Kwa sababu ya simulizi hilo Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1958 kuwa mtakatifu msimamizi wa televisheni. Mimi si Mkatoliki, ila kila Jumapili namkumbuka mwanamke huyo. Mkiandika kanuni kwamba runinga isiwepo katika nyumba ya Mkristo, mkumbuke kwamba zipo nyumba ambamo hiyo ndiyo njia pekee ambayo kanisa linaingilia, kwa sababu washirika wenyewe waliacha kuja kumtembelea mwaka wa pili.

MZEE WA KANISA

Dada mtunza mama, neno lako la mwisho limenipiga. Katika nyumba yako, hapana, sina kanuni ya kuleta. Mungu akutie nguvu.

MSHIRIKA WA ZAMANI

Kabla hatujamalizia kwa kukubaliana kwamba vipindi vya dini ndivyo salama, naomba niweke kokoto katika kiatu. Ni kweli kwamba televisheni imetumiwa vizuri katika kuhubiri. Askofu Fulton Sheen alianza kipindi chake huko Marekani mwaka 1952, akisimama na ubao wa kuandikia na akili iliyonolewa, hata watu wasio wa imani yake wakamfuatilia. Mwaka 1957 mikutano ya mhubiri Billy Graham mjini New York ilirushwa moja kwa moja, na watu walisikia Injili wakiwa makwao. Sikatai.

Lakini katika nyumba yetu madhara hayakuletwa na tamthilia. Yaliletwa na chaneli ya dini iliyowashwa siku nzima. Mama yangu mdogo alikuwa akimtumia pesa mhubiri ambaye hakuwahi kumwona, kila alipoambiwa kwamba muujiza wake umekaribia na kinachouzuia ni sadaka, huku ada ya mwanawe ikidaiwa. Kwa kuwa aliyesema alishika Biblia, hakuna aliyethubutu kuchukua rimoti. Katika tamthilia kila mtu anajua kwamba anadanganywa, na hapo anakaa macho. Waberoya katika Matendo 17 walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko ili waone kama mambo aliyohubiri Paulo ndivyo yalivyo. Sasa kama Paulo alichunguzwa, sembuse mtu aliyenunua saa ya kurusha matangazo?

BINTI WA MCHUNGAJI

Mshirika wa zamani, umesema lile ambalo baba yangu asingeliweza kulisikia. Na linanirudisha palepale: mtoto anayetazama pamoja na mzazi na kuruhusiwa kuuliza "huyu anajuaje?" atamuuliza hivyo mhubiri wa kweli na wa uongo pia.

Ninalo swali kwa mleta mada. Umeeleza juu yako na watoto, lakini mama wa nyumba umemwacha nje ya maelezo yote. Yeye alisemaje ulipoitoa runinga?

MLETA MADA

Dada, umenikamata. Alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga, kwa sababu niliamua peke yangu kisha nikamtangazia mezani kana kwamba ni ufunuo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Tamthilia yangu ya saa moja unaiondoa kwa ajili ya watoto. Mpira wako utautazamia wapi?" Nilikuwa nimekwisha kupanga kuutazamia kwenye simu, chumbani. Sikumjibu, naye hakurudia swali.

Ilinichukua karibu wiki mbili kurudi kwake na kusema kwamba nilikuwa nimeiita ibada jambo ambalo nusu yake ilikuwa ni kutaka kutawala. Mpango wa chumba cha pembeni ni wake, si wangu. Ndiye aliyesema kwamba runinga iwe mahali ambapo mtu anakwenda kwa makusudi, akijua anakwenda kutazama nini, na akimaliza anatoka. Na ndiye aliyekataa nisipeleke humo kochi. Humo mna benchi moja la mbao lisilo na egemeo. Dakika 90 za mpira juu ya benchi lile, mzee mwenye mgongo kama wangu, ni kwamba kipindi cha kwanza nakaa na cha pili nasimama.

Kuhusu sala ya usiku, nisiwadanganye kwamba mambo yamekuwa mazuri mara moja. Wiki za kwanza watoto walikuwa wakiutazama ukuta ule ule, mahali palepale ilipokuwepo, na sala zangu ziliwachosha kuliko zamani, kwa kuwa sasa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Juzi yule mdogo alinikatiza katikati, akauliza kwa nini kila siku ninawaombea wagonjwa bila kutaja jina la hata mmoja. Nilikwama. Mama yake ndiye aliyetaja majina mawili, tukaendelea.